Mwanafunzi akiandika kama Shaaban Robert, akatwe alama?

Mwalimu Kihesa: Kamwene wana Iringa, na majirani wa Mbeya na Njombe. Kuna jambo linanikera tangu juzi. Binti wa kidato cha tatu, kwao Njombe, ameandika insha kuhusu mvua, amepewa 9 kati ya 20. Pembeni mwalimu mwenzangu kaandika kwa kalamu nyekundu: "Hii si sauti yako." Kosa lake amemsoma Shaaban Robert mpaka amelewa. Sentensi zake zinakwenda mbilimbili kama maksai wa jembe. Mojawapo hii: "Mvua ilinyesha juu ya viazi vya tajiri na juu ya viazi vya maskini, wala haikuuliza mpaka wa shamba uko wapi." Niliirudia mara tatu nimesimama. Je, kurogwa na mwandishi ni kosa la kukatiwa alama?

Mtu wa Uyole: Mwenzako yuko sahihi kabisa. Shaaban alifariki 1962. Mtihani unampima binti. Kesho ataandika barua ya kuomba kazi kwa mtindo huo, nani atamwita?

Mwana Tanga: Ndugu zangu wa baridi, shida yenu Kiswahili mmekikuta darasani. Sisi tumekinyonya. Mtoto wa huku harogwi na Shaaban, maana ndivyo bibi yake anavyosema kila siku barazani.

Mwanjelwa Damu: Hilo la "mmekikuta darasani" lirudishe ulikolitoa. Nimezaliwa Mwanjelwa, penye soko la Mbeya. Mnyakyusa, Msafwa, Mkinga na Mndali wanauziana kwa lugha gani pale? Kichina?

Mwana Tanga: Kupatana bei si fasihi, kaka.

Mwanjelwa Damu: Basi hujawahi kusimama mbele ya mama anayeuza mchele wa Kyela. Anachota kiganja kimoja, anausugua, anapuliza pumba, anakusogezea puani. Halafu anakwambia: "Huu ukiinjika, majirani watauliza nani anaoa." Kitabu gani kilimfundisha?

Bibi Tukuyu: Ndaga fijo, mwanangu. Na Kezilahabi je? Kazaliwa Namagondo, Ukerewe, kisiwani ziwani huko. Pwani gani ilimnyonyesha? Mimi riwaya yake Rosa Mistika niliisoma usiku mmoja, ilipotoka ile miaka ya themanini.

Mtu wa Uyole: 1971, bibi. Na si ndiyo ilipigwa marufuku mashuleni? Mnaona sasa vitabu vinavyoweza kufanya.

Bibi Tukuyu: Ilipigwa marufuku, baadaye ikaruhusiwa ikasomwa darasani. Hilo mbona umeliacha, baba?

Mwanjelwa Damu: Tena huyo Shaaban mnayejivunia, ukoo wake asili yake Wayao. Kwa hesabu ya Mwana Tanga, naye alikikuta darasani.

Mwana Tanga: Alizaliwa Vibambani, Tanga, 1909. Hayo mengine ni wivu.

Mtu wa Uyole: Tulikuwa tunazungumzia alama.

Msomaji Makambako: Naomba niseme langu. Nilikuwa kidato cha pili nilipoazimwa Kusadikika ya Shaaban, haina jalada. Nilisoma kwa kibatari mpaka Karama anasimama barazani kujitetea dhidi ya mashtaka ya Waziri Majivuno, mafuta yakaisha. Nilikaa gizani maneno yanaendelea kutembea kichwani. Baada ya hapo sikuweza kuandika kitu bila mdundo ule. Baba alikuwa kibarua mashamba ya chai Mufindi, nikamwandikia barua: neno moja la shukrani likaitana na lingine la subira, ukurasa ukajaa. Baba kusoma kwake kulikuwa kwa shida. Alimwomba mwenzake amsomee, kisha amsomee tena. Alipofariki tuliikuta ndani ya koti lake, imekatika kwenye mikunjo. Siku hizi siandiki hivyo, mdundo ule uliondoka wenyewe taratibu bila mtu kunifukuzia. Ila angetokea mwalimu wakati ule akaniambia si sauti yangu, barua ile nisingeituma.

Mtu wa Uyole: Pole kwa mzee. Lakini barua kwa baba haisahihishwi na mtu. Mimi nimesahihisha insha miaka mingi, najua mtoto anayejificha nyuma ya maneno makubwa.

Msomaji Makambako: Sikujificha, mwalimu. Ndiyo mara ya kwanza nilimwambia baba nampenda.

Bibi Tukuyu: Mtu wa Uyole, hapo ungenyamaza tu.

Mwalimu Kihesa: Nimerudi. Nilikaa na binti leo mchana. Kitabu alichosoma ni cha kaka yake, kimenyofoka kurasa za mwisho, akaniuliza Karama aliishiaje. Sikumwambia, nimempa nakala yangu. Na nimeirudia ile sentensi. Katika vitabu vya Shaaban nilivyosoma sijakutana na viazi mviringo, wala na mpaka wa shamba unaogombewa. Babu yake na jirani wamefikishana baraza la kata kwa ajili ya mpaka huo. Mdundo kaazima, ugomvi ni wa kwao. Kesho naingia ofisini kuomba insha isahihishwe upya.

Mtu wa Uyole: Umpe 12. Zaidi ya hapo unambeba.

Mwalimu Kihesa: Naombea 16.

Mwanjelwa Damu: Mwana Tanga, la mama wa mchele bado hujanijibu.