Naomba ushauri: pikipiki iliyochongwa uzi upya kwenye nati ya kumwagia oili

Habari zenu wakuu. Nimepata Boxer 150 iliyotumika hapa Morogoro, bei 1,500,000, kadi ina jina la muuzaji mwenyewe. Injini inawaka vizuri na haitoi moshi. Wasiwasi wangu ni nati ya kumwagia oili. Ya awali ilikazwa kupita kiasi hadi meno ya kwenye injini yakaliwa, fundi akachonga uzi mpya na kufunga nati nene zaidi. Imezungushiwa silikoni nyekundu, na nilipopitisha kidole pale chini kilitoka na oili.

Nimeenda na fundi wangu, tukaiwasha hadi ikapata moto, hakuna tone lililodondoka. Ila anasema bila kufungua nati hawezi kujua kama alumini ya injini pale ina ufa, na muuzaji hataki ifunguliwe. Hilo ndilo linaniumiza kichwa kuliko hata silikoni, maana naitaka kwa bodaboda, na oili ikivujia njiani injini inanoki.

Mliowahi kutumia injini iliyochongwa hivi, uzi unahimili kufunguliwa kila unapobadilisha oili? Na nikijitolea kununua oili mpya ili tuifungue, akikataa tena niachane nayo?