Naombeni ushauri: ujumbe wa foleni unafanyiwa kazi mara mbili

Habari za kazi wakuu. Naombeni msaada, hili limeninyima usingizi.

Nimeandika mfumo wa SACCOS. Taarifa ya malipo ya simu ikiingia naiweka kwenye foleni ya RabbitMQ (programu inayotunza ujumbe hadi ufanyiwe kazi). Programu nyingine inaichukua, inaandika kwenye leja iliyo kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, inamtumia mwanachama SMS, ndipo inaithibitishia foleni kuwa imepokea, ili ujumbe uondolewe. Wiki iliyopita umeme ulikatika leja ikiwa imeshaandikwa, uthibitisho bado. Seva ilipowaka, foleni ikaleta ujumbe uleule. Mama mmoja aliyeweka 50,000 akasomeka ana 100,000. Hizi ni fedha za watu, jamani.

Nimeshaifanya namba ya muamala iwe ya kipekee, kwa hiyo leja haijirudii tena. Imebaki SMS: nikiituma kabla ya kuhifadhi leja inaweza kwenda mara mbili, nikiituma baadaye, mfumo ukizima katikati haiendi kabisa.

Je, niiandike SMS kwenye jedwali lake, ihifadhiwe kwa pamoja na leja, kisha programu ya pembeni iwe inazituma? Na ujumbe unaogoma kila mara, mnaujaribu mara ngapi kabla ya kuutenga kwenye foleni ya pembeni? Kwa sasa unazunguka tu, na wenzake nyuma wanasubiri.