Laptopu haijalala, imefumba macho tu: uzi wa hasira kuhusu usingizi wa Linux

#1
Wakuu, nafungua uzi huu kwa hasira na sitaomba radhi. Mfuniko umefungwa, skrini nyeusi, taa inawaka na kuzima taratibu kama kawaida. Asubuhi betri haina kitu na laptopu ina joto la pasi. Anayeuliza anaambiwa "sasisha kerneli" (kiini cha Linux) au "hamia distro nyingine" (toleo jingine la Linux). Hayo si majibu, ni kumfukuza mtu kwa adabu.

Kufeli kwenyewe ningevumilia. Kinachoniudhi ni kwamba ukifeli, mfumo hausemi. Logi (daftari la matukio ya mfumo) inaandika "PM: suspend entry", baadaye "PM: suspend exit", mambo shwari, kumbe chipu imekesha usiku kucha.

Zamani tulikuwa na S3. Umeme unakatwa karibu kila mahali, RAM pekee inabaki na tone lake: usingizi wa pono. Watengenezaji wakaanza kuiondoa, na tangu Intel kizazi cha 11 (2020) laptopu nyingi hazinayo tena. Tumebakiwa na s2idle. Hapo kerneli inagandisha programu, inasimamisha vifaa kimoja kimoja, kisha inategemea kila kifaa kiachie umeme wake. Kifaa kimoja kikigoma, iwe diski ya NVMe, kisoma kadi au kidhibiti cha USB, chipu nzima haishuki hadi chini. Huo ni usingizi wa mang'amung'amu, na ndio unaokula betri.

Kwa hiyo msibishane kabla ya kupima. Chomoa chaja, kisha:

cat /sys/power/mem_sleep
sudo rtcwake -m mem -s 600
cat /sys/power/suspend_stats/last_hw_sleep

Mstari wa kwanza unaonyesha aina za usingizi zilizopo; iliyo ndani ya mabano ya mraba ndiyo inayotumika (deep ndiyo S3). Wa pili unailaza mashine dakika 10 na kuiamsha. Wa tatu upo kuanzia kerneli 6.4, na unahesabu kwa mikrosekunde muda ambao chipu ililala kweli. Kama umelala kwa s2idle, namba iwe karibu na 600000000. Ukikuta 0, hujalala hata sekunde moja, logi iseme itakavyo.

Na betri nayo ipimwe kwa namba, siyo kwa "inaisha haraka sana". Soma /sys/class/power_supply/BAT0/energy_now kabla na baada. Ni mikrowati-saa (baadhi ya laptopu zina charge_now badala yake). Mashine inayokula wati 0.5 ikiwa imelala itapoteza Wh 4 kwa saa 8, yaani asilimia 8 ya betri ya Wh 50. Inayokula wati 3 itapoteza Wh 24, karibu nusu ya betri. Tofauti hiyo yote haionekani kwa macho, taa ni ileile!

#2
Mkuu punguza munkari. Weka mem_sleep_default=deep kwenye GRUB (programu inayoanzisha Linux), mambo kwisha. Tumeshajibu hili mara mia.

#3 (mfungua uzi)
Ndiyo hiyo hasa niliyokuwa naingoja. Mmejibu mara mia na mara mia hamkuuliza mem_sleep inasema nini. Kama imeandika [s2idle] peke yake, neno deep halipo, basi parameta hiyo haifanyi lolote. BIOS (programu ya ubao mama) haikutoa S3, na kerneli haiwezi kuiumba. Kama deep ipo, sawa, jaribu, lakini kwanza bila kugusa GRUB:

echo deep | sudo tee /sys/power/mem_sleep

Ikiamka na skrini nyeusi, izime kwa kubonyeza kitufe na ukiwasha itakuwa imerudi ilivyokuwa. Ukishaiandika GRUB kabla ya kujaribu, kila kufunga mfuniko ni kamari. Ingieni pia kwenye BIOS: baadhi ya ThinkPad zina kipengele cha usingizi chenye chaguo la Linux na la Windows 10, na la Linux ndilo linalorudisha S3. Hakuna parameta ya kerneli inayoweza kufanya kazi ya kipengele hicho.

#4
Naunga mkono hoja, na mimi nina hasira zangu. Watu wanachanganya "inakula betri" na "inaamka yenyewe". Hayo ni magonjwa mawili. Ikiamka yenyewe, soma /sys/power/pm_wakeup_irq, chukua namba hiyo, itafute kwenye /proc/interrupts, utamjua mwamshaji. Mara nyingi ni kipanya cha USB au padi ya kugusa.

Halafu kuna ile script inayosambazwa kila mahali ya kuandika XHC (kidhibiti cha USB) kwenye /proc/acpi/wakeup. Faili lile ni swichi ya kugeuza: andika mara moja inazima, andika tena inawasha. Script ikiendeshwa mara mbili umerudi ulikoanzia, na unaapa kwamba "haifanyi kazi". Nenda kwenye kifaa chenyewe, /sys/bus/usb/devices/, andika disabled ndani ya power/wakeup. Hapo hata ukirudia mara kumi jibu ni lilelile.

#5
Wenye kadi ya picha ya NVIDIA mnaoamka na picha zilizochanika: kumbukumbu ya kadi haikuhifadhiwa. Wekeni kwenye /etc/modprobe.d/:

options nvidia NVreg_PreserveVideoMemoryAllocations=1 NVreg_TemporaryFilePath=/var/tmp

Kisha wezesheni nvidia-suspend.service na nvidia-resume.service. Bila kutaja njia, data inamwagwa /tmp, na kwenye distro nyingi /tmp yenyewe iko ndani ya RAM. Kadi ya GB 8 kwenye mashine yenye RAM GB 8, fanya hesabu mwenyewe. Nafasi ya diski izidi kidogo kumbukumbu yote ya kadi. Moduli (draiva, yaani programu inayoendesha kadi) ikiwa ndani ya initramfs (faili dogo la kuanzishia Linux), ijengeni upya initramfs hiyo, la sivyo badiliko halisomwi.

#6 (mfungua uzi)
Asante #4 na #5, hayo ndiyo majibu.

Zisizolala kabisa, tafuteni kwenye logi "refusing to freeze". Kerneli inasubiri sekunde 20 programu zigande. Folda ya mtandao ambayo seva yake haipatikani, NFS au sshfs, inatosha kuizuia. Itoeni kabla ya kulala.

Zinazolala zisiamke, msitegemee logi, maana ikishaganda haiandikwi kwenye diski. Tumieni pm_test:

echo devices | sudo tee /sys/power/pm_test
systemctl suspend

Itafanya hatua zote hadi kusimamisha vifaa, isubiri sekunde 5, irudi. Anzeni na freezer, kisha devices, kisha platform. Hizo tatu ndizo s2idle inazozikubali. Inapokwama ndipo penye tatizo, na ikikwama kwenye devices, ondoeni draiva moja moja kwa modprobe -r, mkianza na ya Wi-Fi.

Mkimaliza andikeni none humo humo. Ukisahau, kila utakapofunga mfuniko mashine itaamka baada ya sekunde 5, na utakuja hapa kufungua uzi kwamba "inaamka yenyewe".