Nimedhalilishwa Kariakoo leo kwa sababu ya baiti 560. Yule bwana wa kusafisha picha mnamjua

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Nimetoka pale sasa hivi, hata daladala sijapanda. Wote mnamjua, yule wa ghorofani mwenye feni inayounguruma kama trekta. Simtaji.

Unamwambiaje mama mzazi, "Mbona bi harusi ndivyo alivyo"?

Picha 640 za harusi. Wiki nzima nimezisahihisha kwenye Adobe RGB, mfumo wa rangi wenye wigo mpana, kila faili na profaili yake ndani, yaani kile kipande kinachoiambia mashine namba za rangi zisomwe vipi. Nikampa kwenye fleshi. Yeye ana kiprogramu chake cha kupunguza ukubwa wa picha zote kwa mkupuo, na hicho kiprogramu kinang'oa profaili. Nikamuuliza kwa nini. "Ili faili ziwe nyepesi." Nyepesi! Profaili ya Adobe RGB ni baiti 560. Zidisha mara picha 640, haifiki hata nusu megabaiti. Singeli moja tu kwenye simu yake inazimeza zote!

Sasa mashine yake ikikuta faili haina profaili, inaichukulia ni sRGB, ule mfumo wa kawaida wenye wigo mdogo wa rangi. Namba zilezile zinasomwa kivingine, rangi zinafifia. Kitenge chekundu kimekuwa tofali la kuchoma. Bi harusi, binti mweusi anayeng'aa, katoka kama kalala jivuni siku tatu. Mama yake, mtu mzima, kaja kutoka Mbagala na khanga zake, anafungua albamu, kimya. Akapitisha kidole usoni kwa mwanawe kama anafuta vumbi. Na yule bwana, macho kwenye simu: "Mbona bi harusi ndivyo alivyo, mama."

Nimefungua fleshi kwenye kompyuta hapahapa ngazini. Faili zote 640 hazina kitu, amehifadhi juu ya zangu. Ndivyo alivyo, anasema! Afunge duka akauze mkaa!

Mzee wa Lenzi: Povu lote hili na kosa ni lako, dada. Nani anapeleka Adobe RGB Kariakoo? Geuza kwenda sRGB ukiwa kwako ndiyo utoke.

Kidole Juu: Uzi bila picha. Weka albamu tumwone huyo bi harusi.

Mwenye uzi: Mtoto wa watu simweki humu. Na wewe Mzee, hata sRGB angeing'oa!

Mzee wa Lenzi: Angeing'oa, lakini mashine ingedhani ni sRGB na ingekuwa imepatia. Rangi zingetoka.

Mwenye uzi: Kwa hiyo ndiyo amwambie mama wa watu ndivyo alivyo?? Mbele yangu??

Fundi Mkupuo: Pole dada. Hizo zilizong'olewa unazirudishia kwa mstari mmoja wa ExifTool, programu ya kuhariri taarifa zilizomo ndani ya faili la picha:

exiftool "-icc_profile<=AdobeRGB1998.icc" *.jpg

Inabandika bila kugusa pikseli, na faili za mwanzo inakuwekea pembeni. Ila usije ukabandika ya sRGB, zitabaki zimefifia vilevile. Kubandika profaili na kugeuza namba zenyewe ni vitu viwili: bandika kwanza ile ya asili, halafu ndiyo ugeuze kwenda sRGB.

Mama Studio: Huyohuyo! Albamu yangu kurasa zilibanduka kabla fungate haijaisha.

Kidole Juu: Mama Studio naye aweke picha.

Chuma cha Temeke: Afadhali nyinyi. Mteja wangu kapiga picha skrini ya kompyuta yangu kwa simu, kaituma kwenye kundi la familia, halafu ananiuliza mbona ina michirizi.

Mzee wa Lenzi: Kamati za harusi ndiyo balaa lenyewe. Wanatanguliza laki moja, iliyobaki unaifuatilia mpaka mtoto wa kwanza anazaliwa.

Chuma cha Temeke: Laki moja? Mimi nimelipwa pilau.

Mwenye uzi: Jamani, "ndivyo alivyo"!!

Mama Studio: Pilau la nyama au la hivihivi?

Chuma cha Temeke: La nyama, ila walinipa mifupa.