Ombi la ushauri: nijiunge na sororiti hapa chuoni, au niendelee kujitolea bila kuwa mwanachama?

Binti wa Muheza ameandika:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu, na wakubwa wangu wote shikamooni. Mimi ni Mtanzania, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uuguzi katika chuo kimoja cha jimbo la Maryland, Marekani, na nipo hapa kwa viza ya masomo. Tangu Septemba ninakwenda kila Jumamosi asubuhi kusaidia kugawa chakula katika ukumbi wa kanisa moja jirani na chuo. Kazi hiyo inaendeshwa na akina dada wa sororiti, yaani chama cha kindugu cha wanafunzi wa kike, ambacho mtu akishaingia huhesabiwa kuwa mwanachama maisha yake yote. Ni mojawapo ya vile vinne vikubwa vilivyoanzishwa na wanawake Weusi.

Siku ya kwanza nilipewa makopo ya maharage, nikayapanga kwa ukubwa ili rafu ipendeze. Dada mmoja wa mwaka wa nne aliyapangua taratibu, akatenga yale yenye kipete cha kuvuta juu yake, akanieleza kwamba baadhi ya wazee wanaokuja pale hawana kifungulio nyumbani na wengine mikono yao imeisha nguvu, kwa hiyo makopo yenye kipete wawekewe wao. Hapo ndipo nilipotamani kuwa mmoja wao.

Tatizo ni mama yangu. Nilimtumia picha tuliyopiga siku ile, akaona herufi za Kigiriki kifuani mwa wenzangu na ishara wanayoifanya kwa vidole, akanipigia simu usiku huohuo akilia, akisema nimeingizwa Frimasoni. Zaidi ya hilo, nimeambiwa kwamba gharama za kuingia zitazidi dola 1,000, fedha ambazo sina bila kumwomba mjomba wangu anayenilipia ada, na muhula ujao naanza mazoezi ya hospitalini. Naomba ushauri wenu wa dhati.

Mama Zawadi amejibu:

Marahaba, mwanangu. Nianze na mama yako, kwa sababu hofu yake si ya kupuuzwa. Hata hapa Marekani wapo wanachama waliojitoa kwa sababu za imani, wakisema kwamba viapo na siri za vyama hivi haviendani na dini yao, basi usimwambie mama kwamba ni ushamba. Mweleze asili ya vyama hivyo vinne. Alpha Kappa Alpha kilianzishwa mwaka 1908 katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington, na Delta Sigma Theta kilianzishwa hapohapo mwaka 1913 na wanafunzi 22, ambao wiki chache baadaye waliandamana mjini humo kudai haki ya wanawake kupiga kura. Zeta Phi Beta kilifuata mwaka 1920, pia Howard, na Sigma Gamma Rho kikaanzishwa na walimu saba huko Indianapolis mwaka 1922. Wengi wao walikuwa wa uzao wa watumwa, katika nchi iliyowafungia milango mingi, wakajitengenezea undugu wao wenyewe.

Kwa kuwa wewe ni muuguzi mtarajiwa, msimulie na hili. Mwaka 1935 wanachama wa Alpha Kappa Alpha walikwenda Mississippi wakati wa kiangazi kuwatibu na kuwachanja wakulima Weusi maskini, chini ya uongozi wa Daktari Dorothy Boulding Ferebee. Wenye mashamba walipokataa kuwaruhusu wakulima hao kwenda kliniki, akina dada waliyageuza magari yao kuwa kliniki, wakawafuata hukohuko mashambani. Walirudi tena na tena kwa miaka kadhaa. Na sisi wa Afrika Mashariki tumeguswa pia, maana Delta Sigma Theta walichangia huduma za wazazi katika hospitali ya misheni ya Thika, Kenya. Mama yako akiyasikia hayo kwa sauti yako mwenyewe, na si kwa maandishi, atakuwa na kitu cha kupima.

Nakuru hadi Ohio amejibu:

Mdogo wangu, mimi niliingia katika mojawapo ya vyama hivyo nikiwa mwaka wa tatu, na ninakipenda hadi leo, lakini lazima nikuambie yaliyonipata. Vyama hivi vilikubaliana mwaka 1990 kuachana na kipindi kirefu cha majaribio kwa wanachama wapya, ila katika tawi letu mambo yaliendelea kwa siri. Kwa wiki sita tuliitwa saa nane za usiku, tukasimamishwa ukutani hadi alfajiri tukikariri historia, na aliyesahau alisukumwa. Nilifeli somo la kemia muhula ule. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa mgeni, na upweke ulikuwa umenibana kiasi cha kuamini kwamba huo ndio undugu wenyewe.

Leo unayo kinga ambayo mimi sikuwa nayo. Sheria iliyotiwa saini Desemba 2024 inavitaka vyuo vichapishe hadharani taarifa za vyama vilivyobainika kunyanyasa wanachama wapya. Itafute taarifa ya chuo chako kabla ya kujaza fomu yoyote, na mtu akikuambia kuna mambo ya usiku ambayo ofisi ya chuo haipaswi kuyajua, ondoka siku hiyohiyo.

Kaka wa Temeke amejibu:

Dada, usiingie kwa fedha ya mjomba. Omba orodha kamili ya gharama kwa maandishi, pamoja na ada za kila mwaka zinazofuata. Kuhusu viza, kujitolea bila malipo kwenye shirika la hisani kwa kawaida hakuna shida, lakini muulize mshauri wa wanafunzi wa kigeni chuoni kwako.

Binti wa Muheza amejibu:

Asanteni sana. Nimezungumza na mama kwa muda wa saa nzima. Habari ya yale magari ya Mississippi ilimfanya anyamaze kidogo, kisha akauliza kama kiapo chao kinamtaja Mungu yupi, swali ambalo sikuwa na jibu lake. Nimeamua kutoomba mwaka huu. Nitaendelea na Jumamosi zangu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuniambia kwamba makopo ni ya wanachama pekee, na mazoezi ya hospitali yakitulia nitalifikiria upya kwa akiba yangu mwenyewe. Dada wa Ohio, hilo swali la kiapo nimuulize nani bila kuonekana mchokozi?

Nakuru hadi Ohio amejibu:

Muulize huyo dada wa mwaka wa nne aliyekufundisha kupanga makopo. Maneno yenyewe hataweza kukutajia, lakini mwambie ni mama yako anayeuliza, naye atakueleza kama yeye na mama yake waliwahi kulizungumza.