Riwaya za upelelezi zinafaa kujifunzia Kiingereza? Naomba ushauri

Mpenda_Kujua
Wadau habari za leo, naombeni msaada. Form four nilimaliza miaka kadhaa imepita, Kiingereza nikisoma naelewa kidogo kidogo ila msamiati wangu mdogo sana, na zile aina za maneno sijui nauni sijui adverbu nilikariri tu ya mtihani, saa hizi ukinipa sentensi nachanganyikiwa kabisa. Rafiki yangu kanipa kitabu cha hadithi za Sherlock Holmes, anasema achana na grama soma hiki. Nimeanza juzi, ukurasa mmoja nusu saa, kila neno nakimbilia dikshenari, nikifika chini nimeshasahau nani kamfanyia nani nini. Kuna aliyejifunza hivi akafanikiwa? Niendelee au nitafute kitu chepesi kwanza?

Mwl_Kaskazini
Endelea mdogo wangu, usiache. Nafundisha Kiingereza sekondari mwaka wa 12 huu na sijaona kitu kinachomlazimisha mtu aangalie maneno madogo kama hadithi ya upelelezi, maana humo neno dogo ndo ushahidi wenyewe. Tafuta ile inaitwa A Scandal in Bohemia, ya 1891. Holmes analetewa barua haina jina wala tarehe, ndani imeandikwa "This account of you we have from all quarters received". Haya itazame hiyo "received" ilivyotupwa mwisho kabisa. Mwingereza angesema "we have received", vitenzi viwili vinakaa jirani. Holmes akasema palepale aliyeandika ni Mjerumani, kwa sababu Wajerumani ndo wanapeleka kitenzi mwisho namna hiyo. Yaani mtu kakamatwa kwa kitenzi! Siku nilipoipeleka darasani sikufundisha kitu, niliandika sentensi ubaoni nikasema mtafuteni mwandishi, na watoto ambao kwa kawaida hawanyanyui mkono walibishana mpaka kengele.
Humo humo Holmes anamuuliza rafiki yake Watson ngazi za kupandia chumbani ziko ngapi, Watson kazipanda mara mamia na hajui. Ziko 17. Anamwambia anaona ila hachunguzi, na hapo utatofautisha "see" na "observe" milele bila kukariri.

Kalamu_Nyeusi
Mwalimu nakuheshimu ila tuseme ukweli, kile ni Kiingereza cha zaidi ya miaka 100 iliyopita. Humo "singular" mara nyingi maana yake ni jambo la ajabu, sio umoja tuliofundishwa shule, na kuna magari ya farasi ambayo hakuna mtu anayataja leo. Anayeanza atabeba maneno ambayo hayatamsaidia kazini. Mi ningemshauri aanze na toleo lililorahisishwa, akizoea arudi kwenye lenyewe.

Mwl_Kaskazini
Hapo kwa "singular" uko sawa mkuu, toleo rahisi si vibaya kuanzia. Ila asikae huko muda mrefu.

Daftari_la_Bluu
Ndugu mleta mada, mimi nilijifunza hivi hivi na leo nafanya kazi kwa Kiingereza, nikupe nilichofanya. Soma hadithi mara ya kwanza bila dikshenari kabisa hata usipoelewa nusu, neno likijirudia mara 3 ndo liandike, na usiliandike peke yake, andika na ndugu zake. Mfano "suspect", mkazo ukiwa mbele ni nomino, mshukiwa, mkazo ukiwa nyuma ni kitenzi, kushuku. "Witness" ni shahidi na pia ni kushuhudia, hapo sura haibadiliki, kinachokuambia ni lile neno la jirani yake, ukiona "the" mbele ujue ni nomino. "Alibi" nayo naipenda sana, kwa Kilatini ilikuwa kielezi, "mahali pengine", Kiingereza wakaifanya nomino, ni ule utetezi wa kwamba mimi wakati huo sikuwepo hapo.
Halafu soma The Speckled Band. Dada mmoja anakata roho anataja "band". Neno hilo ni kundi la watu, ni utepe pia, na hadithi nzima imesimama juu ya neno hilo moja. Sikwambii mwisho wake, kisie mwenyewe kabla hujafika.

Mtu_wa_Unguja
Mie naongeza moja tu. Kasome kwanza Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammad Said Abdulla, wa 1960. Bwana Msa na kiko chake ana damu moja na huyo Holmes, ukishajua kwa Kiswahili mpelelezi anavyofikiri, ukija kwenye Kiingereza akili haigawanyiki mara mbili, unahangaika na maneno tu.

Mpenda_Kujua
Asanteni sana jamani, mwalimu shikamoo. Jana dikshenari nimeifungia kabatini nikasoma hiyo The Speckled Band mpaka saa 6 usiku. Nimefika pale dada anapokufa. Mimi nasema ni kundi la watu, wale waliopiga kambi pale shambani. Msiniambie, leo jioni namalizia.