Kodi ya kaboni kwenye gesi ya kupikia: mtungi wa kilo 6 utapanda kiasi gani?

Kibiriti: Wadau, tuseme Kenya inaweka kodi ya kaboni kwenye gesi na mafuta ya taa, yaani dola 10 kwa kila tani ya kaboni dioksidi inayotoka yakiungua. Mtungi wa kilo 6 utaongezeka shilingi ngapi? Na anayepikia makaa je?

Mizani: Kilo 1 ya gesi ikiungua hutoa takriban kilo 3 za kaboni dioksidi, kwa hiyo mtungi huo ni kilo 18. Dola ikiwa Sh129, unapanda Sh23 hivi. Sasa linganisha na VAT ya 16% iliyorudishwa Julai 2021: mtungi wa Sh1,000 kabla ya kodi uliongezeka Sh160. Ukiigeuza kuwa bei ya kaboni, hiyo ni karibu Sh8,900 kwa tani! Ilishushwa hadi 8% mwaka 2022, ikaondolewa 2023. Mafuta ya taa nayo yalibebeshwa tozo ya Sh18 kwa lita mwaka 2018 ili kuwabana wachakachuaji wanaoyachanganya na dizeli. Lita hutoa kilo 2.5 hivi, kwa hiyo ni Sh7,200 kwa tani. Dola 10 si kitu hapo.

Tanuri: Hesabu safi, ila makaa ndiyo yenye kesi. Gesi hupita depo, mtoza kodi anajua pa kusimama. Gunia la makaa halina risiti. Gesi ikipanda, watu wanarudi kwenye makaa. Kilo 1 ya gesi kwenye jiko lenye ufanisi wa 55% hufikisha joto sufuriani sawa na kilo 3.5 za makaa kwenye jiko la 25%. Mtungi mmoja ukiachwa, ni kilo 21 za makaa, na tanuri la udongo hula kilo 6 hadi 8 za kuni kwa kila kilo ya makaa.

Kibiriti: Pesa zikirudishwa kwa kaya, kama Kanada?

Mizani: Kanada walirudisha kila robo mwaka, na bado tozo ya kaboni kwa walaji ilifutwa Aprili 2025. Hapa Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia wasiojiweza, hulipa Sh2,000 kwa mwezi, lakini kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, yatima na wenye ulemavu mkubwa. Kibarua anayenunua makaa kwa mkebe hayumo. Huyo kinachomshinda ni kutoa Sh1,000 kwa mkupuo. Gesi ya mita, unayolipia kidogo kidogo kwa simu, inamfaa kuliko ruzuku.

Tanuri: Na bei ikipanda, wanaojaza mitungi kinyemela vichochoroni kwa kuhamisha gesi kutoka mtungi hadi mtungi hupata wateja. Pima mtungi kabla ya kulipa: uzito mtupu umegongwa kwenye kola; ukiutoa kwenye uzito wa mizani, zibaki kilo 6.